Mchango

Daftari langu lina jalada la kijani na harufu ya moshi wa chuma.
Ni mwaka wa kumi na moja nashika hazina
ya chama chetu cha kuzikana, hapa Mwandoni.
Naandika nani katoa, nani kaahidi,
nani kaniona akakata kona ya kinyozi.
Mazishi ya mamake Nyevu: mia mbili mbili.
Mazishi ya Shungu muuza mkaa: mia tatu,
maana aliacha pacha.
Haijapotea hata thumuni.
Niulizeni.

Basi juzi zahanati, binti wa maabara,
Mwanakheri, hina imeanza kumtoka kuchani,
akainua jicho kwenye hadubini
akaniambia kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji pungufu:
"Baba, una mchango."

Nikacheka. Nikamwambia, mwanangu,
mchango ndio kazi yangu.
Yeye hakucheka.

Mimi Mwero, fundi wa kuchomelea,
nibebaye mtungi wa gesi begani toka lori hadi karakana
nisiutue, nisimwite mtu!
Sijalazwa. Sijakosa siku.
Kulikuwa na kitu kidogo tu: tumbo la alfajiri,
nikaliita riahi.
Kulikuwa na ule mwinuko wa feri, Likoni,
ambao zamani niliukimbia na umati
na siku hizi umati hunipita kama maji yapitavyo jiwe.
Nikauita umri.
Mke wangu akachemsha mwarobaini, nikanywa,
nikakunja uso, nikarudi kazini.
Wasema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo nilizikung'uta. Hakuanguka mtu.

Na kila mwaka shuleni
Nyamvula hupewa kidonge cha kutafuna,
hurudi na wino kidoleni kama aliyepiga kura,
nami humwambia vyema, mwanangu,
minyoo ni mambo ya watoto.
Humwambia hivyo nikiwa pekupeku
kwenye tope la masika,
pale choo cha nyumba sita kilipofurika
tukaweka mawe ya kukanyagia
tukaendelea kuishi.

"Tangu lini?" daktari aliuliza.
Nani ajua? Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
hawa niliwapa sahani, wala sikusikia hodi.
Usiku ule nikafungua daftari, kurasa za nyuma.
Mwandiko wangu wa zamani umesimama wima kama boriti.
Halafu, kwenye mazishi ya Kalume,
ile tatu inaanza kuegemea ukuta,
saba inakaa chini.
Miaka minne.
Nikapiga hesabu pembeni, kwa penseli:
tone la damu juu ya tone la damu, kila usiku,
bila risiti, bila jina, bila maiti.
Mchango mkubwa kuliko wote niliowahi kuuandika,
na mtoaji ni mimi.

Vidonge ni vidogo. Vilinitia aibu kwa udogo wao.
Mke wangu kameza, watoto wamemeza.
Kucha zangu, asema daktari, zitarudiwa na rangi kwa miezi,
si kwa siku. Hilo halihitaji kunifunza:
chuma kilicholiwa na kutu
hakiponi kwa kupakwa rangi.

Jumapili kikaoni nikasoma ajenda.
La kwanza, kumbukumbu. La pili, madeni.
La tatu, nikasema, na koo limenikauka: mchango.
Watu kumi na tisa wakaingiza mikono mifukoni.
"Leo nani?" akauliza Mama Sidi. "Nani katutoka?"
Nikasema, toeni mikono. Sitaki pesa.
Nataka tuzungumze habari ya kile choo.

Kimya.
Dzombo, mpakia mizigo, shingo kama nguzo,
mkono wake bado mfukoni,
akavuta miguu taratibu
akaificha chini ya benchi.